Bagamoyo: wachora vielelezo na wachora njozi ndani ya chumba kimoja. Karibuni tujadili

MlangoWaNakshi (mleta uzi)

Habari za jioni wanajamvi,

Hapa Bagamoyo kuna maonyesho ya pamoja ya wachoraji chipukizi, kwenye nyumba moja ya kale ya Mji Mkongwe iliyogeuzwa galeri. Nusu ya washiriki ni wachora vielelezo, wale vijana wanaochora vitabu vya watoto, katuni, mabango ya kliniki na picha za vitabu vya kiada. Nusu ya pili wanachora njozi, yaani sanaa ya usurealisti, ambamo vitu vya kweli hukutanishwa mahali ambapo haviwezi kukutana. Mimi ni mmoja wa waliotundika kazi, na tangu milango ifunguliwe naulizwa jambo lile lile: kwa nini mmewachanganya hawa? Wapo wanaosema mchora kitabu cha shule ni fundi wa oda, asipewe ukuta mmoja na msanii. Wapo wanaosema wachora njozi wanaiga Wazungu na hawana mizizi hapa pwani.

Nimefungua uzi huu kuwajibu wote, maana tukiendelea kuwatenga hawa vijana tutawakosa wa pande zote mbili.

Kwanza picha zenyewe, kwa ambao hamjafika.

Iliyowasimamisha watu wengi ni ya wino mweusi, karatasi ya A2. Mama anapita uchochoroni amejifunga kanga, na maandishi ya kanga yameanza kumshuka. Herufi zimeota miguu, zimetoka kwenye pindo, zinavuka njia kwa msururu mpaka kizingitini kwa jirani, na ya mbele kabisa inabisha hodi. Akina mama wa hapa hawakuhitaji kuelezwa kitu. Walisogea, wakasoma maneno yaliyobaki kwenye nguo, wakatazamana. Aliyeichora anajipatia riziki kwa kuchora picha za vitabu vya darasa la kwanza na la pili.

Kushoto kwake kuna mbuyu wa akriliki, mbuyu mnene wa aina ya ule wa magofu ya Kaole. Shina lake lina droo za kabati, kila droo imevutwa kidogo. Moja ina vipande vya sahani za kauri kutoka China, nyingine shanga, nyingine simu iliyopasuka kioo. Angalia kivuli chini ya kila droo. Mwanga unatoka upande mmoja tu, gome la mti linaendelea hadi kwenye uso wa droo, kitasa kimeshika kutu pale vidole vinapogusa. Ungeuondoa ufundi huo, droo zingekuwa madoa tu juu ya mti na hakuna ambaye angesimama kuziangalia.

Hoja yangu iko hapo. Mchora njozi anakutaka uamini kisichowezekana, na hutakiamini mpaka mkono wake uwe unajua kuchora kitasa, kidole, mkunjo wa nguo, maji ndani ya glasi. Hayo ndiyo mazoezi ya kila siku ya mchora vielelezo. Naye mchora vielelezo, akiletewa hadithi ya sungura aliyemwazima fisi masikio yake, hana sungura wala fisi wa namna hiyo wa kumtazama. Lazima ambuni, ampe uzito, ampe haya usoni, halafu mtoto wa miaka sita aamini. Kazi hiyo tunaiita ya watoto, kisha tunaidharau.

Hata huko Paris ambako André Breton alitoa ilani ya usurealisti mwaka 1924, kazi hizi mbili zililala nyumba moja. René Magritte wa Ubelgiji alichora karatasi za kupamba kuta kiwandani na matangazo ya biashara ili aishi. Max Ernst alichukua mkasi, akakata vielelezo vya vitabu na katalogi za zamani, akavibandika upya mpaka vikawa ndoto. Sasa anayesema kielelezo hakistahili kukaa karibu na njozi, na aeleze Ernst alikuwa anakata nini.

Nakaribisha maoni, hasa ya wanaopinga.

MwanaDunda

Mkuu, nilipita pale. Kazi ni nzuri sana na ile ya kanga imenigusa. Ila tuseme ukweli. Mgeni anayeshuka Bagamoyo anataka tembo, Mmasai na jahazi lenye machweo nyuma yake. Kijana ana kodi ya chumba, ana mdogo wake shuleni. Tingatinga inauzika kila siku. Mnapomwambia aache kinachouzika achore herufi zenye miguu, mnamsaidia au mnamtia njaa? Nauliza kwa nia njema.

MlangoWaNakshi (mleta uzi)

Swali zito kaka, na halikwepeki.

Nianze na Tingatinga, kwa sababu namheshimu kuliko wengi wanaouza jina lake. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya enameli, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vinapatikana dukani kwa bei anayoiweza. Kazi zake ziliuzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 akafariki. Ni miaka minne tu! Ndani ya miaka hiyo alichora chui ambaye hakuna pori lililowahi kumzaa, macho mawili ya duara yakikutazama kutoka kwenye mwili uliochorwa kwa ubavu. Alikuwa chipukizi asiye na shule ya sanaa wala galeri, akichora ambavyo hakuna aliyekuwa anachora. Wanafunzi na ndugu zake waliendeleza, ukaja ushirika wao mwaka 1990, familia nyingi zimekula kupitia mtindo ule, na mimi siwezi kuubeza.

Kinachoniuma ni kwamba tumerithi chui tukaacha ujasiri. Ukitembea kwenye vibanda vya picha kuanzia Bagamoyo hadi Unguja, utaona jahazi lile lile na machweo yale yale, na mwuzaji hajui nani alichora. Kijana anayenakili hivyo halipwi kwa mkono wake. Analipwa kwa kasi yake, na siku akitokea mwenye kasi zaidi, bei inashuka.

Kuhusu njaa, hatumwambii mtu aache kibanda. Tunamwambia awe na ukuta wa pili. Na hapa maonyesho ya pamoja yanamfaa kuliko ya peke yake. Gharama ya kutundika, vipeperushi na chai ya siku ya ufunguzi inagawanywa. Aliyekuja kwa ajili ya binamu yake anaondoka na jina la mwingine. Wachora vielelezo ndio waliofaidika haraka zaidi hapa, kwa sababu mtu anayetafuta mchoraji wa kitabu hahitaji kununua fremu. Anahitaji kuona kama huyu kijana anaweza kumchora mhusika mmoja akiwa na uso ule ule ukurasa wa kwanza na ukurasa wa ishirini. Ukutani anaona. Tangu Mradi wa Vitabu vya Watoto uanze hapa nchini mwaka 1991, vitabu vya Kiswahili vya watoto vimekuwa vikihitaji mikono ya namna hiyo, na hitaji halijaisha.

Halafu kuna chapa ndogo. Picha halisi ya wino inabaki moja, lakini mchoraji anatoa chapa zenye idadi maalumu, anasaini kwa penseli na kuandika kwa mfano 3/20, maana yake hii ni ya tatu kati ya ishirini, na baada ya ishirini hachapi tena. Mwalimu wa sekondari ananunua chapa. Muuguzi ananunua. Hao wanunuzi hawasubiri msimu wa watalii.

BahariNjema

Nimeweka kambi hapa. Ongezea swali langu: huko nje wanafanya hivi? Maana nilisoma sehemu kwamba galeri kubwa hazipokei wachora katuni.

MlangoWaNakshi (mleta uzi)

Wanafanya, na walipigana kufika hapo. Los Angeles kuna galeri iitwayo La Luz de Jesus, ilifunguliwa mwaka 1986, ikajijengea jina kwa kutundika wachora katuni, wachora mabango na wachora njozi bila kuwatenga. Mwaka 1994 Robert Williams, ambaye mwenyewe alitokea kwenye katuni, akaanzisha na wenzake jarida la Juxtapoz huko San Francisco, na kundi zima lililokuwa linadharauliwa likapata pa kuonekana. Leo maonyesho ya pamoja ya wachora vielelezo chipukizi na wachora njozi ni jambo la kawaida kule.

Lakini sisi tusisubiri mfano wa Marekani. Wahusika wetu wa katuni, Chakubanga wa gazeti la Uhuru, akina Lodi Lofa na Madenge wa jarida la Sani, ndio waliofundisha kizazi kizima kusoma picha. Wapo watu hapa nchini walioanza kushika penseli kwa sababu ya Madenge. Ukuta wetu mmoja tumeuacha kwa ajili ya katuni, na wazee wanakaa hapo muda mrefu kuliko kwenye picha za rangi.

MzeeWaMwambao

Wanangu, nimesoma yote. Mimi ni mwenyeji wa hapa, nimekulia karibu na hiyo nyumba. Sisi tulifundishwa kuwa na hadhari na picha za vyenye roho, na humo ndani nimeona mtu mwenye kichwa cha popo na mtoto mwenye macho kwenye viganja. Wajukuu zangu wanapita hapo wakienda madrasa. Sisemi mfunge. Nauliza, mmefikiria jirani zenu, au mmefikiria wageni tu?

MlangoWaNakshi (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Ahsante kwa kutuuliza hadharani badala ya kunung'unika pembeni.

Tulifikiria, na nikiri kwamba jambo hili lilitugawa wenyewe ndani. Picha ya mtu mwenye kichwa cha popo ilikuwa ikikabili mlango wa mbele. Mshiriki mmoja, binti wa hapa hapa, akasema watoto wa madrasa watalazimika kuiona bila kuchagua. Tukaihamishia chumba cha ndani, ambako anayeingia ameamua kuingia, na mchoraji aliridhia. Mlangoni sasa kuna kurasa za kitabu cha watoto, tena tumezitundika chini, kimo cha mtoto, siyo kimo cha mtu mzima. Hao wajukuu zako wakisimama pale, macho yao yanafika.

Kuhusu hofu yenyewe, naomba nieleze ninavyoamini. Ya kutisha hayakuletwa pwani na wachoraji hawa. Wachongaji wa Kimakonde wana mtindo mzima wa shetani, na Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuuanzisha miaka ya 1950. George Lilanga, aliyezaliwa 1934 na kufariki 2005, aliyatoa yale mashetani kwenye mpingo akayaweka kwenye rangi: masikio makubwa, matumbo yaliyofura, vidole vichache, na bado yanafanya mambo ya watu wa kawaida, yanabeba ndoo, yanagombana, yanacheza ngoma. Ukimtazama Lilanga vizuri unaona mtaa wako. Jirani zetu wa Msumbiji walimpata Malangatana, 1936 hadi 2011, aliyejaza kanvasi nyuso na meno mpaka ukaisikia vita ya ukoloni masikioni. Hao wote walichora kilichokuwa kinawasumbua watu, wakakiweka mahali pa kutazamwa mchana.

Mtoto mwenye macho kwenye viganja amechorwa na kijana anayemlea mdogo wake asiyeona, ambaye huutambua uso wa mtu kwa kuupapasa. Tumeandika hivyo pembeni ya picha, kwa Kiswahili. Naomba upite siku tukuandalie kiti, usome.

MzeeWaMwambao

Marahaba. Hiyo ya mtoto sikuijua, nitarudi kuitazama. Kuitundika kwangu sitaitundika, lakini nimekuelewa. Na mimi nina la kuwalaumu: mafundi wa nakshi mbona hamkuwaita? Mlango kabla haujaguswa na patasi unachorwa. Kuna mnyororo, kuna yungiyungi, kuna mawimbi, kuna samaki ambaye magamba yake ukiyafuata kwa kidole yanageuka maji na maji yanageuka majani. Hiyo njozi mnayoisema, fundi wa mlango aliijua bila kwenda Paris.

MlangoWaNakshi (mleta uzi)

Mzee wangu, umetia neno ambalo lilipaswa kuwa la kwanza kwenye uzi huu. Mafundi huchora kwa chaki au penseli moja kwa moja kwenye mbao, na mchoro ule hupotea patasi ikipita. Awamu ijayo tukiweza kutundika michoro hiyo kwenye karatasi kabla haijapotea, pembeni ya wachora vielelezo, nadhani watu wataacha kuuliza mizizi iko wapi. Nitakuja nyumbani uniunganishe na mafundi unaowafahamu.

FundiFremu

Nimevumilia nikiona mnazungumza falsafa, sasa niingize ya mikono, kwa sababu picha ya kijana ikioza hakuna hoja itakayoisaidia.

Sisi tuko kando ya bahari. Nyumba za Mji Mkongwe ni matumbawe na chokaa, ukuta unanyonya unyevu usiku na kuutoa mchana. Ukiilaza fremu moja kwa moja ukutani, nyuma yake panaota kuvu kabla maonyesho hayajaisha. Bandika vipande vidogo vya kizibo kwenye pembe za nyuma ili hewa ipite. Pale sikutoboa ukuta hata mara moja. Plasta ya chokaa inamung'unyika, na nyumba zile ni za urithi. Nimeshusha waya kutoka kwenye boriti, picha zinaning'inia.

Kioo kisiguse karatasi. Kikigusa, unyevu unagandisha wino kwenye kioo na siku ya kutoa utaondoka na nusu ya mchoro. Weka karatasi ngumu ya kuzunguka picha ili kuwe na nafasi, na iwe isiyo na asidi. Vijana wengi wanakata kadibodi ya maboksi. Ile ina asidi, inaugeuza ukingo wa mchoro kuwa wa njano. Selotepu ni adui. Tumia bawaba za karatasi nyembamba na gundi ya wanga, kesho unaweza kuitoa kwa maji bila kuchana.

Kwa mchoro wa wino na rangi za maji, karatasi ya gramu 300 inastahimili kujikunja kwa hali ya hewa yetu kuliko zile nyembamba. Kalamu za rangi za wanafunzi zinapauka haraka kwenye mwanga. Nunua wino ulioandikwa ni wa pigmenti. Usitundike kazi ya karatasi mkabala wa dirisha la mashariki. Majumba ya makumbusho hushikilia kama lux 50 kwa kazi za karatasi, ambao ni mwanga mdogo sana, na ndiyo maana chumba cha ndani kinaonekana kina kiza. Tumekusudia hivyo.

Kimo: katikati ya picha iwe sentimeta 145 hadi 150 kutoka sakafuni, ukiacha zile za watoto.

MwanaDunda

Hapa nimejifunza. Lakini fundi, na mleta uzi, bado sijaridhika kwenye fedha. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilipeleka kazi kwenye galeri moja, sitaitaja. Hatukuandikiana kitu. Picha mbili ziliuzwa, nililipwa moja, ya pili nikaambiwa ilipotea kwenye kuhama. Mnawalindaje hawa?

MlangoWaNakshi (mleta uzi)

Pole sana kaka. Hiyo ni hasara ya fedha na ya moyo.

Hapa kila mshiriki alisaini karatasi ya ukurasa mmoja kabla kazi haijavuka kizingiti. Imeorodhesha kila picha, vipimo vyake, imetengenezwa kwa nini, hali yake siku ya kupokelewa pamoja na picha ya simu ya mbele na nyuma, bei aliyoitaka mwenyewe, asilimia ya nyumba, siku ya mwisho ya kulipwa baada ya mauzo, na nani analipa kioo kikivunjika. Galeri nyingi duniani huchukua kati ya asilimia 30 na 50. Ni nyingi kwa mtu anayeanza, kwa hiyo ni halali yake kuuliza anapata nini kwa hiyo asilimia: fremu? matangazo? mlinzi? Asipojibiwa, abebe kazi zake.

Na jambo ambalo vijana wengi hawalijui: kuuza picha si kuuza haki ya kuichapisha. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mtu akinunua mbuyu wenye droo akautundika sebuleni, ni wake. Akiuchapa kwenye fulana akauza, hapo anamwibia mchoraji. Kwa wachora vielelezo ni muhimu maradufu, kwa sababu wao wanafanya kazi za kuagizwa, na maneno ya mkataba ndiyo yanayoamua nani anabaki na nini. Andika kwenye mkataba: kitabu hiki, lugha hii, toleo hili. Jina lako litokee ndani ya kitabu. Sajili kazi COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya nchi, tunza michoro ya awali yenye tarehe.

MgeniJukwaani

Samahani wakuu, mimi ni mgeni. Siku hizi mtu anaandika maneno mawili kwenye simu, akili unde inamchorea mbuyu wenye droo kwa sekunde. Mnajuaje kazi ni ya mtu?

MlangoWaNakshi (mleta uzi)

Karibu jukwaani. Tuliomba kila mtu alete daftari lake la michoro ya awali, na madaftari yako mezani katikati ya chumba, watazamaji wanaruhusiwa kuyafungua. Anayechora kwa tableti alileta faili lenye matabaka yake. Yule wa kanga amejaza kurasa kwa kutafuta namna herufi K itakavyotembea: mara imepewa magoti, mara imepewa kwato. Watu wanakaa na yale madaftari kuliko nilivyotarajia, watoto ndio kabisa.

ChumbageniTanga

Wakuu salaam kutoka Tanga. Dada MlangoWaNakshi, mimi nachora vielelezo vya masomo ya sayansi, na usiku nachora mambo yangu ambayo sijawahi kumwonyesha mtu. Nina mfululizo mmoja wa silikanti. Huyu samaki wavuvi wetu walianza kumnasa huku mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpaka ikatengwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Kwenye picha zangu anapita mjini. Yuko ndani ya behewa la treni la zamani lililojaa katani, yuko kwenye benchi la shule amevaa sare, yuko mapango ya Amboni anasikiliza popo. Naogopa wataniambia hii si kielelezo wala si sanaa. Je, Bagamoyo mnapokea watu wa Tanga?

MlangoWaNakshi (mleta uzi)

Mdogo wangu, umenifanya nisimame kwenye kiti!

Samaki huyo wanasayansi walimjua kwa visukuku tu, wakaamini ametoweka tangu zama za dinosaria. Kisha Desemba 1938 mmoja akanaswa Afrika Kusini, mzima. Mwezi huo huo wa Desemba 1938, kule Cairo, kundi la wasanii na waandishi wa Misri akiwemo Georges Henein walitoa ilani ya kuwatetea wasanii ambao watawala wa Ulaya waliiita sanaa yao potovu, na kundi lao la Sanaa na Uhuru likaufanya usurealisti kuwa wa Waafrika miaka yote ya vita. Kwa hiyo anayekuambia njozi ni mali ya Paris, mwambie Cairo walikuwa nayo zamani, tena kwa sababu zao wenyewe.

Na wewe una kitu ambacho wengi wetu hatuna. Unaijua anatomia yake. Unajua mapezi yake yana vikonyo vyenye nyama, unajua magamba yake yanavyopishana. Ukimweka kwenye benchi la shule, atakaa kweli. Usibadilishe chochote ili kifanane na sanaa ya galeri. Tuma kama vilivyo. Milango iko wazi kwa mkoa wowote, na Tanga ni nyumbani.

Ombi moja tu. Weka karibu na kila picha ya njozi ukurasa wako wa sayansi wa samaki yule yule, ule wenye mishale na majina ya viungo. Nataka watu waone mkono mmoja ukifanya yote mawili.

ChumbageniTanga

Ahsante dada, nina kurasa hizo, nilidhani hazina kazi tena. Ni karatasi za A2, tano za njozi na tatu za masomo. Sina fremu na sina uwezo wa kuzinunua zote.

FundiFremu

Fremu usihangaike, nina za mkopo za A2 zilizobaki, utarudisha maonyesho yakiisha. Kuhusu kusafirisha, usikunje na usiweke kwenye bahasha. Nunua bomba la maji la plastiki la inchi nne, lipite urefu wa karatasi kidogo, na vifuniko viwili. Viringisha mchoro upande wenye wino ukiwa nje, weka karatasi laini katikati ya kila mmoja, usikaze. Tia na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ziba vifuniko kwa gundi ya utepe, mpe kondakta wa basi linalopita Msata na Bagamoyo, mwambie likae juu kwenye rafu ya ndani, siyo kwenye buti. Andika jina na namba ya simu juu ya bomba, na karatasi nyingine yenye maelezo hayo hayo iweke ndani, maana ya nje huwa inachanika. Likifika, nitalifungua mbele ya mleta uzi na tutakutumia picha za kila karatasi kabla haijaguswa na kioo.

MwanaDunda

Dogo, usisahau ile karatasi ya makubaliano. Isaini kwanza, ndipo upeleke bomba stendi.